Mdomo wa Mama Mkwe

Wagonjwa wa Valary walikuwa na bahati ya ajabu: walipona kabla hajawagusa. Mtu angeingia kliniki ameshika shavu, machozi yakimlenga, akajitupa kwenye kile kiti kinacholala na kufungua mdomo bila hata kuombwa. Kisha Valary angekohoa kidogo na kusema, kwa ile sauti yake ya kuazima, "Samahani, kabla hatujaanza, naomba ujue kwamba mimi bado ni mwanafunzi." Papo hapo jino lingeacha kuuma. Mmoja alikumbuka ameacha sufuria jikoni. Mwingine, mwalimu mzima wa sekondari, alishuka kitini akasema kumbe hata si jino, ni sikio.

"Manze, wewe unafukuza watu," Tony alimwambia. Tony alikuwa mwanafunzi mwenzake, na mtihani wake aliumaliza zamani. "Mimi naingia, nasalimia, nasema fungua mdomo. Wakiniita daktari nanyamaza. Kunyamaza si uongo."

"Ni binamu yake," Valary akasema, huku akiangalia viatu vyake.

Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja tu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika kile chuo chao kidogo cha afya ya kinywa mjini Homa Bay, alitakiwa kung'oa gego kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia sindano ya ganzi hadi pamba ya mwisho, msimamizi akikagua mdomo wa mgonjwa kabla na baada. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Ambaye hangekuwa amefanya angerudia muhula mzima, awapungie wenzake mkono wakienda kazini. Na sasa ilikuwa Alhamisi, na Valary hakuwa amevuta hata jino la kitana.

Lakini Alhamisi hiyo alikuwa na mgonjwa. Alimpata nyumbani kwao Migori, kanisani, Jumapili iliyopita. Priscah, mwuza dagaa wa omena sokoni, alikuwa akiimba upande mmoja wa mdomo. Valary alimngoja nje, akajikaza, akamweleza kila kitu tangu mwanzo, pamoja na lile neno la kufukuza watu.

"Mwanafunzi?" Priscah akauliza. "Sasa hiyo ni nini? Hata mimi kuna siku sikujua kupima omena."

"Na wateja wa siku hizo, Mama?"

"Aah, hao waliumia." Akacheka, kisha akashika shavu. "Lakini wewe angalau umeniambia. Hao sikuwaambia. Nitakuja Alhamisi nikifuata mzigo wangu pale ziwani."

Na kweli alikuja, amejifunga leso yake nzuri kana kwamba anaenda harusini. Alipigwa picha ya eksirei, akarudi kwenye benchi la wagonjwa, na kabla Valary hajapanga vifaa alikuwa ameshazoeana na kila mtu. Jirani yake alikuwa Cephas, dereva wa lori la miwa kutoka Awendo, aliyevunjika jino kwa kutafuna miwa ya mzigo wake mwenyewe. Valary aliwasikia akiwa ndani.

"Wewe unang'olewa na nani?" Cephas aliuliza.

"Na huyo binti. Anajifunza."

"Yawa! Na umekubali? Mimi afadhali nisijue. Hata kama ni fundi wa baiskeli, avae tu koti jeupe, anyamaze."

"Na mtu akipanda lori lako, akuulize kama una leseni, utamwambia afunge macho?"

"Lori la miwa halibebi watu, Mama."

"Ndiyo maana," Priscah akasema.

Valary alimwita ndani, akamlaza kitini, akamfunga kitambaa kifuani. Akamweleza sindano itaingia wapi, itauma namna gani, na kwamba akitaka wapumzike ainue mkono wa kushoto. Priscah aliitikia kila kitu kwa "mm" ya mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Kilichobaki ni msimamizi tu.

Msimamizi wao alikuwa Daktari Odhiambo, kijana nadhifu asiye na makuu, aliyewafundisha pia somo la maadili. Alifungua mlango huku anavaa glovu, akapiga hatua moja, akaona kilicholala kitini, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mlango ukajifunga taratibu. Priscah, aliyekuwa anatazama taa ya juu, hakuona kitu.

Valary alimkuta kwenye ujia, amegeukia ukuta.

"Huyo ni nani?" Daktari alinong'ona.

"Mgonjwa wangu, Daktari. Mama Priscah wa Migori. Anauza—"

"Najua anauza nini. Ni mama yake Irine."

"Ndiyo, ana binti anaitwa..." Valary akaelewa. Chuoni kila mtu alijua kuwa Daktari ana mchumba anaitwa Irine, kwa sababu simu ikilia katikati ya somo uso wake ungebadilika.

"Mwezi uliopita tulipeleka *ayie*," Daktari akasema kwa huzuni. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ya posa, anayopewa mama wa msichana ionekane kwamba amekubali. Na tangu siku hiyo mama mkwe na mkwe wa kiume huwekeana heshima nzito kuliko ya kanisani. Hawaketi karibu, hawataniani, na zaidi ya yote hawali mbele ya macho ya mwenzake. Mdomo wa mama mkwe si kitu cha mkwe kukiona kikitafuna, sembuse kikiwa wazi chini ya taa.

"Kwani hajui unafanya kazi hapa?"

"Anajua mimi ni daktari. Hakuuliza wa nini."

"Na wewe hukumwambia?"

"Valary, utaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba kazi yako ni kuchungulia midomo?"

Jina la mlangoni nalo halikumsaidia Priscah. Nyumbani kwake mkwe aliitwa Benard, na Daktari Odhiambo katika kaunti ile ni wengi kuliko omena zenyewe. Msimamizi mwingine wa kliniki alikuwa kwake, amejifungua juzi. Hakukuwa na wa tatu.

Tony ndiye aliyeleta akili, maana Tony alikuwa kila mahali pasipomhusu. "Barakoa, Daktari. Kofia, miwani, usiseme neno. Mimi nikivaa hivyo hata mamangu hanijui. Unaangalia jino, unatoka. Nani ameumia?"

Daktari ndiye aliyewakaririsha, hadi Valary akawa anaota maneno yenyewe, kwamba mgonjwa ana haki ya kumjua aliyesimama juu ya mdomo wake. Sasa alikuwa anaitazama barakoa mkononi mwake kana kwamba imemwita kwa jina.

"Ni kuangalia mara moja tu," akasema hatimaye. "Naangalia jino. Siangalii mtu."

Macho yote yakawa kwa Valary. Akafikiria muhula wa kurudia. Akamfikiria mama yule, anayeimba upande mmoja. Jino lingetoka, maumivu yangeisha, hakuna ambaye angejua. "Sawa," akasema, kwa sauti ndogo hata Tony akamwuliza amesemaje.

Wakaingia. Daktari alikuwa amefunikwa hadi nyusi, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

"Huyu ndiye mkubwa wako?" Priscah akauliza kutoka kitini. "Mbona haongei? Ni bubu?"

"Ni... mpole, Mama."

"Mpole ni vizuri. Daktari, karibu. Wewe angalia mpaka kule nyuma, usiogope. Mimi sina aibu na madaktari. Aibu yangu yote nimemwekea mkwe wangu tu, nayo inatosha." Akajiweka sawa, akavuta pumzi, akaanza kufungua mdomo.

"Mama, funga!"

Sauti ile ilimshtua Valary mwenyewe. Hakujua anayo. Nje, benchi zima liligeukia mlango.

"Nifunge nini?"

"Mdomo, Mama. Samahani. Tafadhali usifungue." "Huyu ni Daktari Odhiambo. Ni Benard, Mama. Benard wa Irine."

Kwa mwanamke wa umri wake, Priscah alikuwa mwepesi. Kabla Valary hajameza mate, leso ilikuwa imetoka kiunoni na kumfunika kichwa, uso na mabega, na kitini kumebaki fungu la kitambaa cha maua lenye viatu viwili. Daktari naye aligeukia ukuta wenye picha kubwa ya meno ya watoto, akaitazama kwa bidii sana.

Hakuna aliyetoka. Kutoka kulihitaji mmoja ampite mwenzake.

"Valary," fungu likasema mwishowe. "Mwambie huyo mtu, siku ya *ayie* nilikula nini mbele yake?"

Chumba kilikuwa kidogo, hata pumzi zilisikika. Valary akageuka. "Daktari, Mama anauliza, siku ya *ayie* alikula nini mbele yako."

"Hakula kitu," Daktari akaiambia ile picha.

"Anasema hukula kitu, Mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nilishinda njaa mpaka gari lao likapinda ile kona. Na samaki nilikuwa nimepika mimi. Leo ati anataka kuona mpaka koo?"

"Daktari, Mama anasema—"

"Mwambie nilitaka kumsaidia. Jino limeoza mpaka mzizi."

"Anasema jino limeoza mpaka mzizi."

"Amelionea wapi?"

"Kwenye eksirei, Mama."

"Hiyo picha iko na uso wangu?"

"Hapana, ni meno tu."

"Basi hiyo sijali. Hata aiweke kwa fremu." Leso ikatikisika kidogo. "Lakini hii ya kunijia amejifunga kama mwizi wa kuku, hapana. Mwambie mtu akijificha ndiyo anisaidie, anajisaidia yeye. Angebisha hodi, aseme mimi ni mkweo, nina shida, ningecheka, nikatoka, tukatafuta njia. Kwani kuulizwa kunaua?"

Valary hakujua aibebe vipi hiyo. Haikuhitaji kubebwa. Shingo ya Daktari ilikuwa imelowa jasho.

"Na wewe," fungu likaendelea, "si ulijua tangu huko nje?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe."

"Mm." Ilikuwa mm ndefu. "Ulichelewa kidogo. Haya, yeye aende zake. Ning'oe wewe."

Hapo ndipo Valary alipofika mahali pagumu zaidi ya pale pa kwanza. "Siwezi, Mama. Bila msimamizi kuangalia mdomo wenyewe siruhusiwi hata kukuchoma sindano. Na si sheria tu. Mzizi ukivunjikia ndani nitahitaji mtu anayejua kuliko mimi." Akavuta pumzi. "Kuna hospitali nyingine hapa mjini, watakung'oa leo hii. Nitakusindikiza mwenyewe."

"Na mtihani wako?"

Valary alikunja pembe ya koti lake. "Nitarudia muhula."

Viatu vikashuka chini, na Priscah akaketi wima, bado amejifunika.

"Mwambie huyo mtu," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya sokoni, ya kumaliza bei. "Mtoto hawezi kurudia shule kwa sababu ya aibu zetu sisi wakubwa. Yeye ndiye ameleta uso wake hapa. Sasa atafute uso mwingine."

Daktari akaiambia ile picha polepole, "Mwambie kuna Daktari Nyakerario, kule Migori. Chuo kinamtambua kama mtahini. Nitampigia sasa. Nitamfuata mwenyewe kwa gari asubuhi, nimrudishe mwenyewe."

"Anasema—"

"Nimesikia."

"Lakini ni kesho, Mama," Valary akasema. "Na jino linauma leo. Usiteseke kwa ajili yangu. Ukisema twende hospitali, twende. Sitakasirika, wallahi... kweli kabisa." Hiyo wallahi aliipata kwa Mulki wa duka la vitambaa, na ilimtoka kila alipochanganyikiwa.

"Dada yangu anakaa hapa hapa Homa Bay, nitalala kwake. Nipe dawa ya maumivu. Na usinibembeleze, nimeamua."

Daktari akatoka ubavu ubavu, uso ukutani, kama kaa. Nje benchi lilikuwa limesikia kila kitu na lilikuwa limegawanyika. Cephas alishikilia kwamba mama angefunga macho tu mambo yakaisha. Mwanamke mmoja mwenye mtoto alisema hapana, yeye mkwewe akimwona hata akipiga miayo atahama kata. Priscah aliwapita akiwa ameshika shavu.

Usiku huo Valary hakulala vizuri, na aliwaza kwamba Priscah naye, huko kwa dada yake, halali, tena yule hakuwa na mtihani.

Ijumaa asubuhi Daktari Nyakerario alishuka kwenye gari la Benard. Alikuwa mwanamke Mkuria mrefu, asiyecheka kwa haraka, na njia nzima inaonekana alikuwa amesimuliwa, maana alimtazama Valary akasema, "Ni wewe wa kupiga kelele?"

Valary aliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akanawa mikono.

Priscah alikuwa amevimba shavu kidogo, lakini leso ilikuwa kiunoni. Alimfungulia mdomo Nyakerario bila wasiwasi, naye akamkagua, wakaulizana habari za soko la Migori, bei ya omena na ya tumbaku. Kisha mtahini akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Mama," Valary akaanza, "kama nilivyosema jana, mimi ni mwanafunzi, na—"

"Tunajua."

"Na kama hutaki, hata sasa—"

"Nataka."

"Nikikuchoma sindano utasikia—"

"Valary, nyara, binti yangu," Priscah akasema, "jana ulinitetea, leo unataka kunizeesha hapa? Uliza la mwisho, kisha ufanye kazi."

Valary alifikiri. "Unaogopa?"

Priscah hakuwa ametegemea hilo. Alitazama taa. "Kidogo," akasema. "Tangu jana. Hakuna aliyeniuliza."

"Hata mimi," Valary akasema, na wakatazamana, wanawake wawili wanaoogopa jino moja.

Akachoma. Akangoja. Akagusa ufizi kwa ncha ya chuma, akauliza kama kuna maumivu, hakukuwa. Akashika koleo namna alivyofundishwa, akasukuma, akazungusha, akasukuma. Gego halikutaka. Aliposikia mlio wa *kaa* ndani ya mfupa, mkono wake ukasita, akageuka kumtazama Nyakerario. Mtahini alisogea, akachungulia, akasema neno moja tu, "Taratibu." Valary akaenda taratibu. Jasho likamshuka hadi kidevuni. Kisha kitu kikalegea, kama mlango wa zamani unaokubali kufunguka, na gego likatoka zima, mizizi yake yote ikiwa pale pale, jeusi upande mmoja, baya kuliko kitu chochote alichowahi kupenda.

Nyakerario alikagua shimo, akakagua jino, akaandika. "Unauliza sana," akasema. "Utachelewa kumaliza wagonjwa wako maisha yako yote." Akafunika kalamu. "Umepita. Usiache kuuliza."

Valary alitaka kumshukuru. Badala yake akageuka, akajifanya anapanga vifaa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Priscah alikuwa ameuma pamba, mashavu yamejaa, amekatazwa kusema hadi damu ikauke. Tangu Valary amjue hajawahi kumwona amenyamaza, na ilikuwa kama kuona soko siku ya Krismasi. Mlangoni pakagongwa, kidogo sana, kwa heshima.

"Valary," sauti ya Benard ikasema kutoka nje. "Mwambie Mama pole."

Valary akachungulia. Benard alikuwa amesharudi kujibanza kwenye benchi la wagonjwa, bila koti jeupe, bila barakoa, pembeni ya Cephas, aliyerudi na jino lake, ambaye alikuwa anamfariji na kumwuliza ni jino gani. Valary akageuka ndani. Priscah alikuwa anampungia mikono. Akajionyesha shavu, akaonyesha mlango. Akajifunika pua na mdomo kwa kiganja, akatingisha kidole kwa ukali. Kisha akaweka ngumi mbili juu ya kichwa, na kutoka kila ngumi akatoa kidole kimoja, kimesimama.

Valary alitazama vile vidole. Alitumaini amekosea. Priscah akaviinua juu zaidi, akamsukuma kwa kiwiko.

Basi akaenda mlangoni, mwanafunzi aliyefaulu dakika chache tu zilizopita, akasimama mbele ya mwalimu wake wa maadili na benchi zima la watu wenye meno mabovu.

"Daktari," akasema, na safari hii walimsikia wote. "Mama anasema ng'ombe mmoja."

"Ng'ombe? Ule mzigo wa posa tulishaupanga na wazee."

"Huyu si wa posa." Valary akajifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyoonyeshwa. "Ni wa barakoa."

Cephas akajivuta taratibu hadi mwisho wa benchi, amtazame vizuri huyu jirani. Benard aliangalia sakafu, akaangalia dari, akaangalia mlango ambao hakuthubutu kuukaribia tena.

"Mwulize," akasema, "kama anakubali fahali, au ni lazima awe wa maziwa."

Valary akarudi ndani kuuliza.